Iodini haiui uchafu: somo la maabara kwa vijana wanaohasi mbuzi Singida

"Shikamoo bwana mifugo. Samahani kukuamsha. Ile dawa ya iodini uliyotuambia tununue ni feki."

Simu hiyo niliipokea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa pili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Aliyepiga ni kijana wa Ikungi. Ananunua mbuzi dume wadogo mnadani, anawahasi, anawanenepesha miezi minne mitano, kisha anawauza kwa wafanyabiashara wanaopeleka Dodoma na Dar es Salaam. Siku tisa kabla ya simu ile alikuwa amehasi madume kumi na wanne kwa mkono wake mwenyewe. Watatu walikuwa wameshakufa. Watano walikuwa na vidonda vinavyonuka. Na mtaji wenyewe siyo wa mfukoni, ni mkopo wa kikundi wa halmashauri, ule wa vijana. Mbuzi akifa, rejesho halifi.

Nikapanda pikipiki nikaenda. Nilipofika sikuanza na mbuzi, nilianza na chupa. Nikamwambia: "Mdogo wangu, niletee hiyo dawa, halafu niletee na kiporo cha ugali wa jana." Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini akaleta. Nikadondosha matone mawili juu ya ugali. Haukupita muda, ugali ukageuka rangi ya bluu nzito, karibu na nyeusi.

Hicho ni kipimo cha zamani cha darasa la sayansi: iodini ikikutana na wanga hutoa rangi hiyo. Hakikuambii dawa ina nguvu kiasi gani wala kama imetengenezwa na kiwanda halali, kwa hiyo usikitumie kuchagulia dawa dukani. Ila kinakuambia iodini imo. Lebo ilikuwa sawa, tarehe ya kuisha muda ilikuwa bado. Dawa haikuwa feki.

"Sasa tatizo nini?" akauliza.

Nikamwomba anionyeshe alivyofanya, hatua kwa hatua. Akanionyesha bila kuficha, na namshukuru kwa hilo. Mbuzi alishikwa palepale bomani, kwenye tope. Pamba ikachovywa ndani ya chupa, ikafuta mfuko wa korodani mara moja, ikarudi ndani ya chupa. Wembe ukakata papo hapo. Baada ya kukata, dawa ikamiminwa kwenye kidonda kama ilivyo, nyingi, "ili iingie vizuri". Wembe ukafutwa kwa pamba ileile. Mbuzi anayefuata. Mpaka wa kumi na nne.

Makosa niliyoyahesabu yalikuwa sita, na hakuna hata moja lililotoka dukani. Makala hii ni kwa ajili ya makosa hayo, kwa sababu kila nikipita Iramba, Mkalama, Manyoni au Singida Vijijini nayakuta, tena kwa wafugaji wanaojitahidi kabisa.

Nilikojifunzia mimi: sungura aliyenifedhehesha

Msifikiri nawasema kwa kujiona fundi. Nilipokuwa chuoni tulifanyishwa mazoezi ya upasuaji kwa sungura wa maabara, chini ya uangalizi, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mwalimu wetu alikuwa na tabia moja iliyotuudhi: alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani, akasema, "Ukishapaka iodini, hutagusa kisu mpaka niseme."

Dakika mbili, tatu, ukiwa umeshika kisu na wenzako wanakuangalia, ni muda mrefu kweli. Siku ya zamu yangu mwalimu alitoka kidogo. Mimi nikaona eneo limeshakuwa la kahawia, limependeza, nikakata. Siku ya nne sungura yule alikuwa na jipu chini ya mshono. Wa wenzangu walipona. Nilipewa kazi ya kumhudumia kidonda kila siku mpaka akapona, na sijasahau mpaka leo.

Pale maabara utaratibu ni uleule kwa sungura, panya au mbuzi. Nywele hunyolewa kwanza, tena mbali na meza ya upasuaji ili zisipeperuke kwenye kidonda. Ngozi husuguliwa kwa sabuni ya dawa, hufutwa, husuguliwa tena, raundi tatu. Kila raundi huanzia pale kisu kitakapopita na kwenda nje kwa kuzunguka, kama unachora ganda la konokono. Kitambaa kikishafika pembeni hakirudi katikati, kinatupwa. Mwisho dawa hupakwa na kuachwa ikauke. Kwa wanyama wadogo kama panya kuna tahadhari nyingine: usiwaloweshe kwa spiriti, maana inapokauka huondoa joto mwilini, na kiumbe cha gramu mia mbili kinaweza kufa kwa baridi wakati kidonda chake hakina shida yoyote.

Kwa nini wajisumbue hivyo kwa panya? Kwa miaka mingi hata wanasayansi walisema panya ni wagumu, hawapati maambukizi, ukimkata ovyo atapona tu. Kisha mwaka 1992 ukachapishwa utafiti wa Marekani ulioangalia panya wenye maambukizi ya kidonda ambayo kwa macho hayaonekani. Hakuna usaha, hakuna harufu. Lakini walipopimwa, mienendo yao na hali ya miili yao vilikuwa vimebadilika. Walionekana wazima, kumbe hawako sawa.

Hapo ndo nataka mfanyabiashara wa mbuzi asimame asome mara mbili. Wale watatu waliokufa Ikungi ni hasara unayoiona. Kuna hasara nyingine huioni: mbuzi aliyepona polepole, ambaye kwa wiki tatu mwili wake ulikuwa unapigana na vijidudu badala ya kuweka nyama. Anakula pumba zako na mashudu yako ya alizeti kama wenzake, lakini siku ya mizani yuko nyuma. Wewe utalaumu mbegu, utalaumu chakula. Kumbe ulimpunguza siku ile ya wembe.

Iodini ni kitu gani hasa

Wengi tunaifahamu kwa jina la madini joto, ile inayowekwa kwenye chumvi kuzuia goita. Ni kitu kilekile, matumizi tofauti. Mfaransa Bernard Courtois aliigundua mwaka 1811 alipokuwa akishughulika na majivu ya mwani wa baharini. Akaona mvuke wa zambarau unapanda, ukipoa unakuwa chembe nyeusi zinazong'aa.

Madaktari walianza kuitumia kwenye vidonda baadaye. Mwaka 1908 daktari wa upasuaji Antonio Grossich, wa mji wa Fiume ambao leo ni Rijeka huko Kroatia, alichapisha njia yake ya kupaka iodini iliyoyeyushwa kwenye spiriti juu ya ngozi kabla ya kupasua. Njia ikaenea haraka. Shida yake ilikuwa kuwasha na kuunguza. Ndipo mwaka 1955 huko Marekani ikatengenezwa povidoni iodini. Povidoni ni kibebaji: inaishika iodini na kuiachia kidogo kidogo. Ndiyo maana haiungi ngozi kama ile ya zamani, na ndiyo maana leo iko karibu kila hospitali na kila duka la dawa za mifugo.

Neno la kushika hapo ni kuachia kidogo kidogo. Linaeleza mambo matatu ambayo mfugaji akiyaelewa hatahitaji kukariri.

La kwanza, inahitaji muda. Iodini iliyo huru ndiyo inayoua, na inatoka polepole. Ukipaka na kukata papo hapo, umekata ngozi yenye rangi tu.

La pili, inaliwa na uchafu. Iodini haichagui. Ikikuta damu, usaha, samadi, jasho au tope, inajimalizia huko kabla haijafika kwa bakteria. Ukiona rangi ya kahawia inafifia na kuwa njano hafifu, ujue dawa imekwisha kazi, hata kama bado imelowa.

La tatu, na hili huwashangaza wengi: kuipunguza kwa maji safi hakuiui nguvu kama unavyodhani. Povidoni ya asilimia 10 ikiwa nzito, kibebaji kinaishikilia iodini. Ukiichanganya na maji kwa kipimo, iodini iliyo huru huongezeka kwa sababu mshiko umelegea. Hivyo kwa kuoshea kidonda, dawa hafifu inafanya kazi na haiunguzi nyama changa inayoota. Ukimimina ile nzito ndani ya kidonda unaua bakteria, lakini unaua pia chembe za mwili zinazojenga upya. Kidonda kinachelewa kufunga, na nzi wanapata siku za ziada.

Chupa za dukani siyo zote moja

Ukienda dukani ukasema "nipe iodini", muuzaji anaweza kukupa yoyote kati ya hizi. Soma lebo.

*Povidoni iodini ya maji, asilimia 10.* Hii ni ya kupaka ngozi kabla ya kukata, na ikichanganywa na maji ni ya kuoshea kidonda.

*Povidoni iodini yenye sabuni, mara nyingi asilimia 7.5.* Inatoa povu. Ni ya kusugulia ngozi isiyo na kidonda na ya kunawia mikono. Isiingie ndani ya kidonda hata tone, sabuni yake inaudhi nyama.

*Iodini ya spiriti.* Ipo hafifu ya asilimia 2 na ipo kali ya asilimia 7. Ile kali ni nzuri kwa kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi kwa sababu inakausha. Kwenye kidonda kibichi usiiweke, ni mateso.

*Iodini ya kuchovya chuchu.* Ni ya ng'ombe wa maziwa baada ya kukamua, na imetengenezwa kwa kazi hiyo. Siyo ya upasuaji.

*Iodini ya kupulizia mabanda.* Hii ina tindikali na vitu vingine. Kwenye ngozi ya mnyama hapana.

Kabla ya kisu: hatua nilizomwandikia yule kijana

Kukata kwenyewe simfundishi mtu kwa maandishi. Hilo linahitaji mtaalamu asimame nawe, tena kwa mbuzi mkubwa inahitajika ganzi na dawa ya maumivu, na kipimo cha ganzi kwa mbuzi ni kidogo kuliko unavyofikiri. Ukizidisha anakufa mikononi mwako. Ninachoandika hapa ni kazi ya usafi, ambayo hata mtaalamu akija ni wewe utakayemwandalia.

1. Chagua siku na mahali. Kwetu Singida mvua huanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili. Kama ratiba yako inaruhusu, hasi Juni na Julai: kumekauka, kuna baridi na upepo, nzi wachache. Usifanyie bomani. Tafuta kivuli chenye majani au sakafu iliyofagiliwa, na wakishahasiwa walale pakavu.

2. Chemsha vifaa. Kisu na koleo vichemke dakika 20 tangu maji yaanze kutokota. Iodini siyo ya kutakasia vyuma, haiwezi kazi hiyo na inavitia kutu. Kama unatumia nyembe, kila mbuzi na wembe wake mpya.

3. Mimina, usichovye. Dawa ya kazi ya leo mimina kwenye bakuli safi, funga chupa, iweke mbali. Iliyobaki kwenye bakuli mwaga. Usiirudishe, na usijazie chupa kuukuu kwa dawa mpya. Kuna watu husema, "Si ni dawa ya kuua vijidudu, itachafuka vipi?" Mwaka 1980 huko Marekani hospitali zilikuta bakteria kwenye vipimo vya damu za wagonjwa ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Walipofuatilia, bakteria walikuwa wanaishi ndani ya povidoni iodini yenyewe, iliyochafuliwa tangu ilikotoka. Kama inaweza kuchafuka huko, fikiria chupa inayochovywa pamba yenye samadi mara kumi na nne.

4. Punguza nywele kwa mkasi kuzunguka eneo lote, kidole kirefu kila upande. Mkasi au mashine ni bora kuliko wembe, maana wembe huacha vichubuko, na kila kichubuko ni mlango.

5. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida mpaka maji yanayotoka yawe meupe. Hatua hii ndiyo wanayoiruka wengi, na ndiyo kubwa kuliko zote. Kausha kwa kitambaa safi.

6. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko, vaa glavu.

7. Sugua raundi tatu kwa povidoni yenye sabuni, kuanzia katikati kwenda nje, shashi au pamba mpya kila raundi, ukifuta povu katikati ya raundi. Huna yenye sabuni? Fanya raundi tatu kwa ile ya maji, ngozi ikiwa imeshaoshwa vizuri.

8. Paka safu ya mwisho ya povidoni ya asilimia 10. Angalia saa ya simu yako: dakika tatu, iache ikauke yenyewe. Usipulize kwa mdomo, usifute. Mshikaji asiruhusu mnyama akalie chini wakati huo. Kama amekaa, rudi hatua ya 7.

Kwa mbuzi wa kwanza utaona ni usumbufu. Kwa wa tano mtakuwa mmezoea: mmoja anaosha, mwingine anasugua, wa tatu anangoja dakika zake. Kundi la kumi linaenda asubuhi moja.

Baada ya kisu

Dawa ya kuoshea kidonda itengeneze hivi: mililita 10 za povidoni ya asilimia 10 kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pima kwa bomba la sindano, siyo kwa kifuniko wala kwa macho. Itakuwa na rangi ya chai nyepesi ya rangi. Tengeneza ya siku hiyohiyo. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote, iwe jiki, peroksaidi au spiriti. Zinauana au zinatoa kitu kibaya zaidi.

Kidonda cha kuhasi kikiwa kisafi hakihitaji kuoshwaoshwa. Kiangalie asubuhi na jioni. Uvimbe kiasi kwa siku mbili tatu za kwanza ni kawaida. Osha tu kama kimechafuka. Kuzunguka kidonda, siyo ndani yake, paka dawa ya kufukuza nzi.

Mwite mtaalamu siku hiyohiyo ukiona haya: uvimbe unaongezeka baada ya siku ya tatu, kidonda kina joto na harufu, usaha, mnyama ameacha kula au anabaki nyuma ya kundi, joto la mwili limevuka nyuzi 40.5. Hapo iodini pekee haitoshi, maambukizi yameshaingia ndani, anahitaji antibiotiki kwa kipimo na kwa siku kamili.

Na kuna adui ambaye iodini haimwezi vizuri: pepopunda. Bakteria wake hujificha kwenye udongo na samadi wakiwa na ganda gumu, na ganda hilo linastahimili dawa za ngozi. Wakiingia kwenye kidonda chenye nyama iliyokufa wanaamka na kutoa sumu. Dalili huja kuanzia siku chache mpaka wiki tatu baadaye: anatembea kama ana miguu ya mbao, masikio na mkia vimekakamaa, taya limefunga, anashtuka kwa kelele ndogo. Ukishaona hayo, kuokoa ni vigumu. Mmoja wa wale watatu wa Ikungi, kwa maelezo ya kijana, alikufa hivyo. Kinga ni chanjo au kinga ya sindano anayopewa siku ya kuhasiwa. Muulize daktari wako wa mifugo kabla, siyo baada. Wenye punda ndiyo wasijaribu kabisa kumkata punda bila sindano hiyo, maana punda na farasi ni wepesi mno kwa ugonjwa huu.

Kidonda bora ni ambacho hukukitengeneza

Niseme na hili. Mara nyingi huhitaji kukata. Koleo la kuhasi, lile la Burdizzo, linaponda mishipa bila kufungua ngozi. Kwa madume ya mbuzi ya miezi miwili mitatu na kwa ndama utakaowafanya maksai wa plau, likitumiwa na mtu anayelijua halina damu wala nzi. Kikundi cha vijana kumi kinaweza kununua moja. Raba ya kubana nayo ipo, lakini ni ya watoto wadogo sana, na hatari ya pepopunda bado inabaki kwa sababu nyama inaoza taratibu.

Kosa la mwanzo la rafiki yangu wa Ikungi lilikuwa kununua madume ya miezi sita saba, makubwa, kisha kuwakata kwa wembe. Ukinunua wakubwa hivyo, gharama ya mtaalamu iwe ndani ya hesabu yako tangu mnadani, kama unavyohesabu usafiri na ushuru.

Mahali ambapo iodini haina mpinzani ni kitovu. Mtoto wa mbuzi, kondoo au ndama akizaliwa, ndani ya saa ya kwanza chovya kitovu chote mpaka kinapogusa tumbo, kwa iodini ya asilimia 7, au povidoni ya asilimia 10 kama ile huna. Tumia kikombe kidogo, mtoto mmoja dawa yake, inayobaki mwaga. Rudia baada ya saa kumi na mbili. Watoto wanaovimba magoti wakiwa na wiki mbili, wengi waliingiliwa na vijidudu kupitia kitovu.

Chupa ndogo ya mililita 100 haifikii bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Bado nakuta watu wanapaka oili chafu, majivu, hata maji ya betri. Na nakuta wengine wana iodini nzuri kabisa, imeanikwa dirishani kwenye jua bila kifuniko. Mwanga na hewa vinaimaliza. Ihifadhi kivulini, imefungwa, andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua.

Sheria nayo ipo

Tanzania tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayosema nani anaruhusiwa kutoa huduma za tiba ya mifugo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Sikutajii ili kukutisha. Nakutajia kwa sababu wewe ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hatunzi mtaji wake kwa kubahatisha. Afisa mifugo wa kata yako yupo kwa kazi hiyo. Mpigie kabla hujashika wembe.

Ikungi ilivyoishia

Asubuhi ile tuliwaosha wale watano kwa dawa ya rangi ya chai, tukampigia daktari, akaja mchana na sindano. Wanne walipona. Mmoja alikufa usiku wa pili. Jumla wanne kati ya kumi na wanne. Kijana alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akapiga hesabu kwenye simu, akanyamaza. Sikuwa na la kumwambia.

Mwezi wa saba alinunua tena, kumi na wawili tu, wadogo zaidi. Alinipigia siku tatu kabla. Nilipofika nilikuta kamba ya nguo imeanikwa shashi zilizochemshwa, beseni mbili, sabuni, na mdogo wake wa kike ameshika simu tayari kuhesabu dakika. Dume la tano lilipigapiga miguu likakaa chini wakati dawa haijakauka. Nikataka kusema kitu. Binti akaniwahi: "Bwana mifugo, huyu anarudi hatua ya saba."

Wote kumi na wawili walikuwa wanakula siku ya tatu.